Mbwa hafundishwi kuachia kwa kunyang'anywa

Nianze na ninachokiamini: mbwa anayeng'ang'ania kitu mdomoni hana kiburi. Amejifunza kwetu sisi wenyewe kwamba mkono wa mtu ukisogea karibu na mdomo wake, kitu kinaondoka na hakirudi tena. Ndiyo maana anazidi kubana meno. Ukimwita mkaidi na kumtandika fimbo, unamhakikishia kile kile alichokuwa anakihofia.

Hapa Kigoma mbwa wengi wanafugwa kwa kazi moja tu, ulinzi. Mchana yuko bandani au kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa, na sifa yake ni ukali. Kumchezesha mpira watu wanaona ni kumharibu. "Mwanangu, mbwa akishazoea michezo, mwizi akija hatabweka," aliniambia mzee mmoja jirani yetu huku Mwanga, na ni mzee ninayemheshimu. Kwa hili sikubaliani naye. Jeki wangu ni mbwa wa kienyeji, anacheza karibu kila jioni, na usiku akisikia nyayo ngeni ukutani mtaa mzima unaamka.

Kumfundisha kuachia si anasa. Fikiria vitu ambavyo mbwa huviokota uani: gunzi la mahindi, mfupa wa kuku uliopikwa, chambo chenye sumu ya panya. Gunzi linaweza kuziba utumbo, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Ukimkimbiza mbwa akiwa na kitu kama hicho, anafanya lile analoliona la busara, anakimeza haraka kabla hujamfikia.

Halafu kuna majirani. Kigoma, na hasa Ujiji, tunaishi na Waislamu wengi, na kwa mafundisho ya madhehebu ya Imamu Shafi chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akinyakua kandambili ya mgeni aliyepita kusalimia, kwa mgeni huyo hilo ni jambo zito, na mwenye mbwa anatakiwa alichukulie hivyo hivyo. Mbwa anayejua kuachia anakiweka kitu chini kwa neno moja, bila mtu kutia vidole kwenye mate yake wala kugombana naye mbele ya wageni. Kuiosha kandambili ni kazi yako.

Na zaidi ya yote kuna watoto. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiona mpira wake mdomoni mwa mbwa hafikirii, anauvuta. Chanjo ya kila mwaka mbwa lazima apate, hilo halina mjadala. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mbwa aliyezoea kwamba kuachia kuna faida ana sababu ndogo ya kumng'ata mtoto kwa ajili ya mpira.

Sasa njia yenyewe. Chukua kitu anachokipenda kiasi, si kile anachokipenda kupita vyote. Mimi natumia kamba nene ya nyavu chakavu, imefungwa fundo huku na huku. Ikianza kuchanguka nyuzi naitupa, kwa sababu uzi ukimezwa unaweza kuukunja utumbo. Zawadi ni dagaa. Katika hili sisi wa Kigoma tumebarikiwa: dagaa mkavu asiye na chumvi, aliyekung'utwa mchanga, anatosha mdomo mmoja na harufu yake mbwa hawezi kuipuuza.

Vutaneni kidogo. Kisha acha kuvuta kabisa. Shika ncha yako ya kamba, igandamize pajani, mkono usitikisike. Usimkodolee macho wala kumwinamia. Ukivuta, naye anavuta, ndivyo alivyoumbwa. Kamba ikitulia, mchezo umekufa na taya zinalegea zenyewe. Zisipolegea, msogezee dagaa puani. Akiachia, msifu na umpe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, maana ukichelewa atakuwa ameshafanya jambo jingine na atadhani analipwa kwa hilo.

Halafu mrudishie kamba. Hapa ndipo watu wengi wanaponishangaa: nimtoe jasho aachie, halafu nimpe tena? Ndiyo. Kurudishiwa kunazidi dagaa. Mbwa anayejua kwamba mchezo unaendelea hana cha kupigania. Wenye mipira miwili inayofanana wanaweza kubadilishana naye, huu ukitua chini ule unarushwa.

Neno lenyewe lije baadaye, akishaachia vizuri kila mkono unapotulia. Sema "achia" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha tuliza mkono. Ukilirudia mara kumi kwa ukali, unamfundisha kwamba zile tisa za kwanza hazina maana. Nyumba nzima itumie neno moja, si baba aseme "achia", dada "toa", watoto "lete". Na dagaa akae mfukoni mpaka mbwa ameshaachia, kwa sababu mbwa anayeachia pale tu anapomwona dagaa bado hajafunzwa.

Mbwa anayekakamaa juu ya kitu, anayeonyesha weupe wa macho, anayenguruma, huyo usimwanzie zoezi hili kwa kumsogelea. Mrushie chakula kwa mbali, umzoeze kwamba ukikaribia kinaongezeka. Na tafadhali usimpige kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine ataanza moja kwa moja na meno. Kama ameshawahi kung'ata, zungumza kwanza na daktari wa mifugo.

Jeki sasa anaachia kamba, mpira, hata kandambili. Kwato ya mbuzi bado ni mtihani, na simlazimishi. Nikimpa, anaila kwenye kona yake nyuma ya jiko, watoto wanajua hapasogelewi, na ikibidi nimwondoe pale namwita kwa dagaa nikiwa mlangoni.