Mgonjwa wa sukari mwenye jembe mkononi: mazoezi, elimu na figo katika Nyanda za Juu Kusini

Kwenye kliniki nyingi za sukari, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, kabla daktari hajaanza kuita majina, nesi husimama mbele ya mabenchi na kutoa elimu: punguzeni chumvi, acheni pombe, fanyeni mazoezi nusu saa kila siku. Wasikilizaji wengi hawajala, maana wameambiwa waje na njaa wapimwe sukari ya asubuhi, na baadhi wametoka kwao gizani kuwahi gari. Likifika la mazoezi, hakosekani mama wa makamo wa kuguna: "Mwanangu, kwani jembe linajilimia lenyewe?" Benchi zima linacheka, na somo linaendelea pale lilipoishia.

Nadhani yule mama anastahili kujibiwa, kwa sababu swali lake linagusa jambo ambalo watu wa afya wenyewe hawajakubaliana: mgonjwa wa kisukari ambaye figo zimeanza kuchoka anasaidiwa zaidi na nini, elimu na mazoezi, au vipimo na dawa?

Wanaosimama upande wa elimu na mazoezi wana hoja nzito. Kisukari na presha ndivyo visababishi vikubwa vya figo kufeli. Figo zikifeli kabisa, mtu husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, mpaka apate figo nyingine au mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa mkulima wa Makete au Ludewa hiyo maana yake ni kuhama: kupanga chumba mjini, kuacha shamba, na nauli juu. Upandikizaji tunao hapa nchini, Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, lakini ndugu wa kutoa figo, anayefaa na aliye tayari, hapatikani kila ukoo. Kutembea hakuna bei.

Ushahidi nao upo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Waliobadili chakula, wakapunguza uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, ambayo ni dawa ya sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Utafiti mwingine wa huko huko, kwa watu wazito ambao tayari wana kisukari, ulionyesha kwamba mpango wa aina hiyo ulipunguza ugonjwa mkubwa wa figo kwa asilimia 31. Na jinsi inavyofanya kazi si fumbo. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapolegea, na faida hiyo hukaa siku moja hadi tatu. Ndiyo sababu ya ule ushauri wa kutopitisha siku mbili mfululizo umekaa tu.

Ila utafiti huo wa pili una mkia ambao wahubiri wa mazoezi hawapendi kuutaja: ulisitishwa mwaka 2012 kwa sababu haukupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, jambo ambalo ndilo lililokuwa lengo lake. Tena washiriki wake walikuwa wanene. Mzee mwembamba wa Ileje mwenye kisukari anapunguza kilo zipi?

Hapo ndipo upande wa pili unapoingia. Wao wanasema elimu imegeuka njia ya kumtwika mgonjwa lawama: figo zikifeli, basi hakufuata masharti. Wanatukumbusha kwamba dawa za presha za kundi la losartani zilithibitishwa kuchelewesha kuharibika kwa figo za wenye kisukari tangu 2001, na kwamba mwaka 2020 dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya sukari, ilionekana kupunguza kuzorota kwa figo na vifo vya figo au moyo, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 39. Hakuna zoezi lenye rekodi hiyo. Majaribio ya mazoezi kwa watu ambao figo zao tayari zina kasoro yanaonyesha wanatembea mbali zaidi, presha inashuka kiasi, mwili unapata nguvu. Kuhusu kasi ya figo kuchuja, ushahidi ni dhaifu. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba akikimbia kila asubuhi figo zitapona anamdanganya, sawa na yule anayemwambia anywe maji lita tatu "azisafishe". Hilo la maji nalo lilijaribiwa Kanada, matokeo yakatoka mwaka 2018: kuongeza maji hakukupunguza kasi ya figo kudhoofika.

Mimi naegemea upande wa elimu, lakini si elimu ile ya benchi. Ile inasemwa kwa wote kana kwamba wote ni mtu mmoja. Mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayekaa dukani tangu asubuhi na kurudi nyumbani kwa bodaboda inamfaa neno kwa neno. Mama wa jembe inamfaa nusu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Mei. Desemba analima mpaka mgongo unakataa, Juni na Julai anavuna, halafu Agosti hadi Oktoba, kama hana vinyungu, zile bustani za kiangazi za bondeni, kazi inapungua sana. Sukari haina likizo ya kiangazi. Huyu hahitaji kuambiwa aanze kufanya mazoezi. Anahitaji kuambiwa asiyaache miezi ile ambayo shamba limelala.

Na ana hatari ambazo mwenye duka hana. Tuseme amepewa glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Alfajiri anameza kidonge, anasema atakula akirudi, anapanda mlimani kulima. Kufika saa nne jasho la baridi linamtoka, mikono inatetemeka, macho yanaona giza. Walio naye wanadhani ni njaa au uchovu, wanamwambia apumzike kivulini. Ni sukari imeshuka, na kama figo zimechoka, dawa ile inakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, hivyo hata akipewa chai yenye sukari akainuka, inaweza kushuka tena jioni. Insulini nayo ni hivyo hivyo. Nimewahi kusikia mtu akishuhudia kwa furaha kwamba sukari yake siku hizi inashuka yenyewe, hata dawa amepunguza. Inawezekana ni juhudi zake. Inawezekana pia ni figo zinazoelekea kufeli, na ushuhuda wa namna hiyo unapaswa kumpeleka mtu kupima damu kabla ya kumpeleka mbele ya kanisa.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Baada ya siku tatu za jembe magoti na kiuno vinauma. Dawa ya maumivu iliyo karibu ni diklofenaki ya duka la dawa, bila cheti, wiki baada ya wiki. Kwa figo zenye kisukari hiyo ni sumu ya polepole, na ni mbaya zaidi kwa anayemeza pia dawa ya presha kama losartani au enalapril pamoja na dawa ya kukojoza maji. Tunamwambia mtu ajishughulishe, hatumwambii maumivu yakija atumie nini, kisha tunashangaa kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja, imepanda. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ingemfaa zaidi. Sentensi moja tu, na sijui kwa nini haimo kwenye somo la asubuhi.

Miguu sitakaa nayo sana: mwenye ganzi akague mabuti ya mvua kabla ya kuvaa na nyayo baada ya kuvua, maana kijiwe asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu.

Kwenye chakula elimu ya jumla inakosea kwa upande mwingine. Mgonjwa akisikia neno figo anakatazwa ndizi, viazi na parachichi kwa sababu ya madini ya potasiamu. Umkataze mtu wa Rungwe ndizi, wa Njombe viazi, wamebakiwa na nini mezani? Katazo hilo lina maana pale figo zimeshuka sana au potasiamu imepimwa ikaonekana juu, na hata hapo viazi vikimenywa, vikakatwa vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi yanayomwagwa, sehemu ya madini hayo hutoka. Ambaye figo zake zimeguswa kidogo tu hana sababu ya kuishi kwa hofu ya ndizi. Afadhali hofu hiyo aihamishie kwenye chumvi.

Mtaona kila nilichotaja kinategemea kujua figo ziko hatua gani, na hapo wa upande wa pili wanashinda hoja: bila kipimo, mwalimu anabahatisha. Lakini si lazima tusubiri maabara kubwa. Zahanati zinazohudumia wajawazito zinatakiwa kuwa na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kuangalia protini, ambayo ikionekana humo inaweza kuwa dalili ya figo kuvuja. Mwenye kisukari akipimwa kwa kijiti hicho hicho angalau mara moja kwa mwaka, watakaoonekana na protini wapelekwe kupimwa kreatinini hospitali ya wilaya, na elimu yao itolewe peke yao, daftari la dawa likiwa wazi mezani. Kijiti hakioni protini ile kidogo ya mwanzo kabisa, kwa hiyo majibu safi hayamaanishi figo ni nzima. Na anayekuja kupimwa aambiwe mapema apumzishe jembe siku moja kabla, kwa sababu kazi nzito peke yake hutoa protini kwenye mkojo kwa muda, na mtu anaweza kuandikiwa ugonjwa wa figo kumbe jana yake alikuwa anapiga matuta.