Kioo Kinalala, Mimi Nakodoa

Saa nane usiku. Sabufa ya jirani inapiga dundu-dundu, maji kwenye glasi yangu yanachora miduara, kitasa cha mlango kinaitikia. Nimekaa kitandani na simu, nasoma habari za Wamarekani waliotega mitambo ya kunasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko inayonyoosha na kubana anga lenyewe, yale aliyoyatabiri mwanafizikia Einstein mwaka 1916. Wivu umenishika.

Mitambo inaitwa LIGO. Mmoja uko Hanford, jimbo la Washington, mwenzake Livingston, Louisiana, kilomita kama 3,000 katikati. Kila mmoja una mabomba mawili yaliyonyonywa hewa, kilomita 4 kila moja, umbo la herufi L. Mwale wa leza unagawanywa, nusu huku nusu kule, unagonga vioo unarudi. Nusu zikikutana zinafutana, giza. Wimbi likipita, bomba moja linarefuka, jingine linafupika, mwanga unachungulia. Na huko kurefuka ni chini ya sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni, kile kipande kidogo ndani ya kiini cha atomu! Fundi wangu wa kabati alikosea sentimita tatu akaniambia, "Bosi, hiyo haionekani."

Kilichoniuma ni kile kioo. Kilo 40, kimening'inizwa kwa nyuzi za kioo, bembea juu ya bembea mara nne, eti lori likipita kisishtuke. Kioo! Mimi malori ya kokoto yanapita dirishani, na kodi nalipa miezi sita mbele.

Hata kunguru wamewahi kuwasumbua. Pale Hanford walikuwa wanadonoa barafu kwenye bomba la nje, wataalamu wakaona vijitikisiko wasivyovielewa. Hapo nikawahurumia. Kunguru namjua, ana sabuni zangu tatu.

Tarehe 14 Septemba 2015 wakapata. Mashimo meusi mawili, yale magimba yenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, moja uzito wa Jua mara 36, jingine 29, yaligongana umbali wa miaka ya mwanga bilioni 1.3. Mtikisiko wenyewe sekunde 0.2. Ulipita Livingston, milisekunde 7 baadaye ukafika Hanford. Ndiyo kazi ya kuwa na mitambo miwili: ukitikisika mmoja tu, hiyo ni kelele ya hapohapo. Ikitikisika yote, ni ya mbinguni.

Nikasema na mimi nitafute mtambo wa pili. Nikamgongea mpangaji wa chumba cha mwisho.

"Kaka, samahani, hiyo sabufa unaisikia?"

Akafikicha macho.

"Sabufa gani? Mimi nimeamshwa na mtu anagonga mlango."