Kisanduku cha Ndiyo

Leo nimehesabiwa. Si kichwa, kichwa kilihesabiwa kwenye sensa ya Agosti 2022 nikanyamaza. Leo wamekuja kuhesabu vidole: vinabonyeza au havibonyezi.

Binti wa takwimu kaja kwetu Tumbe, Pemba, na sheha, kiongozi wa mtaa, kishikwambi mkononi, kuuliza nani anatumia kompyuta, shikamoo zote kazitoa. Chai akawekewa, na mkate wa ufuta. Akauliza: "Baba, katika miezi 3 iliyopita umetumia kompyuta?"

"Ndiyo. Konde, duka la stesheni, pale wanapochapa na kujaza fomu. Nilimwombea mwanangu mkopo wa chuo."

"Ulibonyeza mwenyewe?"

"Kabonyeza kijana. Mie nimesimama nyuma yake namtajia. Jina la marehemu mama yangu kakosea, nikamsahihisha. Umeme ukakatika." Ule umeme tangu 2010 unapita chini ya bahari kutoka Pangani, ukifika Konde ushachoka. "Tukaanza upya. Elfu tano nikatoa."

"Basi hukutumia, baba."

Sikutumia! Elfu tano katoa nani? Mgongo uliosimama pale wa nani?

Akasema maswali hakuyatunga yeye, yametoka Umoja wa Mataifa, Geneva, na kila nchi inaulizwa hivyo hivyo. Nikamuuliza kama Geneva kuna stesheni. Sheha akakohoa.

"Umewahi kuhamisha faili? Kutuma barua pepe yenye kiambatisho? Kuandika programu?"

Mke wangu akajibu toka jikoni: "Huyo hata chaja namchomekea mie! Andika hapana!"

Nikainuka kwa heshima zangu, nikafunga kikoi upya. "Binti, huyo kijana anayebonyezea Konde nzima, kwenye hesabu yenu ni watu wangapi?"

"Mmoja, baba."

Mmoja! Na sisi wengine tuliopanga foleni nyuma yake tu hewa. Mkopo mtandaoni, kitambulisho mtandaoni, ajira mtandaoni. Kompyuta hatuna, lakini serikali nzima imehamia humo ndani, na kila mlango tunalipia. Hilo halina kisanduku?

Halina. Akabonyeza Hapana. Kishikwambi kikagoma kutuma, mtandao hakuna, akapanda nacho hadi kilimani kwenye madrasa huku chai inapoa.

Mtandao nenda baharini. Sogea na mashua upande wa Shimoni, simu inakukaribisha Kenya na salio linayeyuka hujasema hata halo. Ami yangu yuko dago huko, kambi ya wavuvi, kanunua laini yao, kazi yake kunipigia kunitajia bei ya pweza. Ya huko, si ya hapa! Wa kwangu wamo kwenye ndoo tangu alfajiri, na mwenye barafu naye hapokei simu.