Hulka, Misuli na Bomba la Jirani Yangu

Kila Januari uani kwa jirani yangu vyuma huamka: bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Ikifika Machi, bomba lina kutu na kuku wamelala juu yake. "Ndivyo alivyoumbwa," husema mkewe.

Wanasaikolojia wako upande wa mke, ila kidogo tu. Mwaka 2006 Rhodes na Smith walikusanya tafiti zilizopima hulka na mazoezi, wakakuta wachangamfu na watu wa utaratibu hujishughulisha zaidi, wenye wasiwasi mwingi pungufu. Uwiano wa uchangamfu na mazoezi (0 ni kutoendana kabisa, 1 ni kuendana kikamilifu) ulikuwa 0.23; ukiuzidisha kwa wenyewe, unapata kama asilimia 5 ya tofauti ya mazoezi iliyopo kati ya mtu na mtu. Hiyo nyingine yote inatoka kwingine.

Hata kidogo hicho tusikibeze, maana nguvu za mkono si mapambo. Utafiti wa PURE wa 2015, uliopima watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kila kilo 5 zinazopungua katika nguvu ya kubana kiganja huendana na hatari ya kifo iliyo juu kwa asilimia 16. Wenye wasiwasi nao hupimwa wakakutwa na mkono dhaifu kidogo. Lakini kipi kilitangulia? Mzee aliyeishiwa nguvu ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi.

Tena hesabu hizi zinawahusu zaidi wanaochagua kufanya mazoezi. Kuli wa Kariakoo mwenye gunia begani haulizwi hulka yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, walipimwa wakakutwa na dakika kama 135 za shughuli nzito na za wastani kwa siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatuomba angalau 150 kwa wiki! Na kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa msituni Bolivia, hata yale mafungu matano ambamo wanasaikolojia hugawa hulka (uchangamfu, utaratibu na wasiwasi ni matatu kati yake) hayakujitokeza vizuri.

Kwa maoni yangu, hulka inasema zaidi mtu atafanyia wapi mazoezi kuliko kama atafanya. Jirani yangu ni mtu wa kijiwe, hanyamazi. Kumwacha peke yake na bomba ni kumfunga. Kikundi cha mbio za Jumamosi kilipoanza kupita getini kwake, alikifuata, na hajakosa ila siku za mvua. Mikono tu ndiyo haijapata kitu: kuku bado wamelikalia bomba.