Niliposema "Imekuja" Sikuwa Namsema Bibi Harusi

Kwanza nimalize jambo moja: sikuibusu simu. Yule rafiki yangu aliyerusha voisi ya dakika nne kuhusu aibu yangu kwenye posa, eti niliibusu simu, kwenye magrupu yote, mpaka grupu la wapangaji, ameongeza chumvi hadi mboga hailiki. Mengine aliyosema ni kweli, na mawili matatu ameyapunguza kwa huruma. Ila kubusu, hapana. Niliifuta jasho kwa mkono wa kanzu, mdomo ukapita karibu. Basi.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu. Android 14, toleo la mfumo wa Google unaoendesha simu, ilitoka Oktoba 2023. Simu yangu, ambayo kampuni yake siitaji kwa sababu wao wana mawakili na mimi nina kanzu ya kuazima, niliinunua kwa kuambiwa itapata matoleo mawili makubwa. Nikapata moja. La pili nikaanza kulisubiri kama mstaafu anayesubiri mafao. Kila asubuhi kabla ya mswaki: Mipangilio, Kuhusu simu, Masasisho. "Mfumo wako umesasishwa." Umesasishwa na nani? Lini? Jioni naingia tena, labda mchana wamebadili mawazo. "Mfumo wako umesasishwa."

Huduma kwa wateja nimewaandikia mpaka nadhani wananijua kwa mwandiko. Jibu lao halibadiliki: "Mpendwa mteja, toleo linasambazwa kwa awamu, tafadhali endelea kuwa na subira." Awamu! Nchi hii iko awamu ya sita, wao bado wako ya kwanza. Kuna mdau hapahapa akanishauri nibadilishe eneo la simu niweke India, eti kule apdeti zinawahi. Nikaweka. Nimeishi India wiki tatu bila paspoti, nimerudi mikono mitupu. (Ulikuwa wewe. Unajijua.)

Na kinachouma si kukosa, ni jirani kupata. Google walipotoa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi masasisho ya miaka 7, Samsung wakaja na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, nao miaka 7. Miaka 7! Kuna ndoa nimezichangia laki nzima hazikufika huko. Oktoba 2024 wenye Pixel wakapokea Android 15. Mimi niko ya 13, nasubiri kiporo.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoteuliwa kuwa mshenga.

Posa ilikuwa Mkuranga, Jumamosi iliyopita. Mwoaji ni swahiba wangu tangu tunagombania dawati moja. Wazee wake walitaka hela iwe kwenye bahasha na orodha iwe kwenye karatasi. Nikasema hapana wazee wangu, bahasha kwenye daladala ya Mbagala ni kuitolea sadaka. Hela yote ikae kwenye simu. Orodha nayo nikaiandika humo humo: kifungua kinywa kiasi hiki, mkaja wa mama kiasi hiki, kilemba cha babu kiasi hiki, mahari anzia hapa, ukibanwa sana ishia hapa. Mzee mmoja akaniuliza, "Na simu ikizima?" Nikacheka. Nataka mjue kwamba nilicheka. Nikamwonyesha chaji, asilimia 96.

Usiku wa kuamkia safari nililala kwa shemeji Kongowe, kwenye waifai ya bure. Kumbe mimi nimelala, simu imeamka. Imepakua gigabaiti mbili na ushee kimyakimya, ikakaa na siri yake mpaka Mkuranga.

Tulipokelewa vizuri. Tukakalishwa mkekani, wazee wetu wawili, rafiki yangu mwenye voisi, na mimi mbele. Upande wa pili mjomba wa binti, mzee wa baraghashia na fimbo, kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Tukatoa kifungua kinywa, hicho nilikuwa nimekitoa kwa wakala asubuhi. Nikasema maneno yangu ya kuona ua zuri bustanini. Yalikubalika, hata shangazi mmoja akatikisa kichwa. Nilikuwa najiona.

Ndipo mjomba akaweka kikombe chini. "Haya wageni, tumewasikia. Lakini hapa hatuuziani mbuzi kwenye gunia. Binti aitwe, atuambie kama watu hawa anawafahamu."

Kimya. Sijui kama mnakijua kimya cha posa. Watu kumi na tano chumbani na unasikia chai inavyopoa. Simu nilikuwa nimeilaza pajani, uso juu, orodha iwe karibu. Nje kuna jogoo alianza kuwika akajishtukia akaacha katikati. Pazia la mlango wa ndani, lile la maua ya zambarau, likatikisika. Mjomba akageuza shingo. Wazee wote wakageuza shingo. Rafiki yangu akarekebisha kofia.

Paja langu likatetemeka.

Nikainamisha macho, macho tu, kichwa nilikiacha kinatazama pazia. Naapa nilikuwa nataka kuona kama ni meseji ya swahiba anauliza tumefika wapi. Haikuwa yeye.

"Sasisho la mfumo liko tayari kusakinishwa. Android 14."

Watu wananiuliza, sasa ulikuwa unafikiri nini? Sikuwa nafikiri. Miezi 14 ilinipanda kutoka kitovuni, ikapita kifuani, ikafika kooni, na kabla sijauwahi mdomo kuufunga ikatoka, kwa sauti ile ya goli la dakika ya tisini dhidi ya mtani:

"IMEKUJAAAA!"

Na pazia likafunguka.

Binti kasimama mlangoni kwenye ushungi wake, shangazi kulia, shangazi kushoto. Na mimi mshenga, mdomo wa ukoo mzima, nimepiga magoti mkekani, mikono yote miwili juu, simu mkono wa kulia, kanzu ya kuazima imechanika kwapani. Huo mchaniko niliusikia. Wote tuliusikia.

Wenye lugha yao mmeshaona tatizo liko wapi. Ningesema "amekuja," ningeonekana mtu mwenye furaha iliyozidi kipimo, vigelegele vingepigwa na tungeendelea. Nikasema "imekuja." Imekuja ni daladala. Imekuja ni bili ya maji. Binti wa watu, kasoma, kalelewa, kasitiriwa, mshenga anampokea kama kontena limetoka bandarini.

Mjomba akauliza, taratibu sana, "Imekuja nini?"

Mtu mwenye akili hapo angesema ulimi umeteleza, angeomba radhi, angekaa. Mimi nikataka kufafanua.

"Samahani mjomba, sikuwa na maana ya huyu. Kuna nyingine nilikuwa naisubiri."

Nipeni dakika. Kila nikifika hapa nahitaji maji.

"Nyingine?" akasema shangazi wa kulia.

"Nyingine ipi?" akasema wa kushoto.

"Ya siku nyingi," nikajibu, maana nilishaanza kuteremka mlima bila breki. "Nimeisubiri miezi kumi na minne. Nilishakata tamaa. Wenzangu wote walishapata."

Mzee wetu mmoja akafumba macho, akaanza kusogeza tasbihi. Rafiki yangu akaingiwa na kikohozi ambacho hakijawahi kumpata mtu mzima, akatambaa mpaka barazani, na huko ndiko voisi ilikozaliwa. Mabega ya binti yakaanza kutikisika chini ya ushungi. Mama yake akaruka, "Mmemliza mwanangu!" Hakuwa analia. Nilimwona macho. Yule dada alikuwa anakufa kwa kicheko, na mpaka leo namshukuru, maana angetaka angenimaliza pale pale.

Nikaona dawa ni kuonyesha ushahidi. Nikamnyoshea mjomba simu, "Ni hii, mjomba, ni apdeti." Mkono unatetemeka, jasho linatiririka, kwenye skrini kuna vitufe viwili vimebanana kama abiria: "Baadaye" na "Sakinisha sasa." Mniamini msiniamini, nililenga "Baadaye." Dole gumba likaenda kulikozoea kutamani.

Skrini ikawa nyeusi.

"Mshenga," akasema mjomba, "kwa heshima ya nyumba hii, faini elfu hamsini. Itoke sasa ndipo tuendelee."

"Sawa mjomba. Imo humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye simu."

"Ifungue."

"Inajisasisha, mjomba."

"Na mahari?"

"Nayo imo humu."

"Na orodha yenu?"

Nikatazama chini. Mzee wetu aliyeniuliza "na simu ikizima" alikuwa ananitazama. Hakusema kitu. Angesema ningejisikia nafuu.

Simu ikawaka, nikashusha pumzi, ikaandika kwamba inaboresha programu ya 1 kati ya 163. Watu wa nyumba ile wakasogea. Watoto wakaja. Programu ya 9. Programu ya 10. Mjomba mdogo akasema tutoe laini tuiweke kwenye kitochi cha mjomba mkubwa, hela itolewe huko. Wazo zuri. Tukaletewa sindano ya kushonea, tukatoboa, laini ikatoka kama ukucha wa mtoto mchanga, na tundu la kitochi linataka laini ya zamani, kubwa kama stempu. Tukaiweka, ikapotelea ndani. Tukakitikisa kitochi mpaka ikatoka. Ndipo nikatoa lile jasho lililonifanya niifute simu kwa kanzu. Mnaona sasa hilo busu lilikotoka?

Programu ya 58. Mjomba mkubwa akachoka kukasirika. Akauliza, kama anayemuuliza mgonjwa, "Hebu nieleze. Hicho kitu kilichelewa kwa nini miezi yote hiyo?"

Jamani, katika miezi 14 hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakaa sawa. Nikamwambia, mjomba, Google wakishamaliza kuiandika hawaileti kwangu. Inakwenda kwanza kwa waliotengeneza chipu ya ndani, nao waiwekee vyao ili chipu iielewe. Wakiridhika inakwenda kwa kampuni ya simu, nayo inaipaka rangi zake, inaivisha mapambo yake na kuingiza programu ambazo hakuna aliyeziomba. Inapimwa, Google wanaikagua tena, na nchi nyingine kampuni za mitandao nazo zinataka kuiona. Ndipo inatolewa kwa mafungu, leo hawa wachache, kesho wale. Mwaka 2017 Google walileta mpango wa kuitenganisha sehemu yao na ya watu wa chipu ili mambo yaende haraka. Kidogo yanakwenda, lakini simu ya bei kama yangu ndiyo inayokumbukwa mwisho.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo inaanzia kwa baba, inakwenda kwa mjomba, inakwenda kwa shangazi, kila mtu anataka chake."

"Hasa, mjomba."

"Na wewe umewasubiri watu hao miezi kumi na minne, hawakujui, hujui kwao."

"Ndiyo."

"Halafu juzi ulimpigia mke wangu simu kuuliza kwa nini majibu ya barua yenu yamechukua wiki tatu."

Sikuwa na jibu. Programu ya 91.

Yaliyobaki ni mafupi. Iliwaka baada ya dakika arobaini, tukiwa tumeshapewa chai ya pili na kitumbua kimoja kimoja cha masimango. Nikarudisha laini, nikaenda kwa wakala, wakala hana salio la kutosha, nikaenda kwa wa pili. Faini nimelipa, elfu hamsini yangu mwenyewe, swahiba kakataa kuchangia. Mahari tulifika mwisho wa orodha bila hata kubishana, kwa sababu nilipoifungua mjomba alikuwa ameinama begani kwangu anasoma na mimi. "Kumbe mna mwisho mzuri," akasema. Binti akaulizwa kama anawafahamu wageni, akasema anawafahamu wote, isipokuwa huyu wa simu.

Tunataka kuondoka, mjomba akanishika mkono. "Sasa imekuja na nini kipya?"

Nikaifungua mbele yake. Nikatafuta. Nikatafuta tena, maana na mimi ndiyo kwanza naiona.

"Saa ya kwenye skrini," nikasema, "imenenepa."

Akaitazama saa yangu. Akakiinua kitochi chake kutoka kifuani, akatazama saa yake. Akanirudishia mkono wangu.

Harusi ni baada ya Mfungo, nyote mmealikwa kupitia kadi za swahiba. Amemsevu mchumba wake kwa jina la "Imekuja," na mchumba kaona kakubali. Mimi kwenye kamati nilijaza nafasi ya mhazini, wakaifuta kwa kalamu nyekundu, nimepewa viti na turubai. Kanzu ya watu ina kiraka kwapani na mwenyewe hajajua, kwa hiyo naomba hili nalo lisifike kwenye grupu la wapangaji.

Chaji nayo sasa hivi inaisha saa nane mchana. Nimewaandikia huduma kwa wateja. Wamenijibu kwamba tatizo linafahamika na litarekebishwa kwenye sasisho lijalo.