Leicester Yetu Ilitoka Tukuyu

Mwaka 2016 Leicester City walipobeba kombe la Ligi Kuu ya Uingereza, kijiwe chetu cha kahawa hakikukalika. Kila mtu anaapa kwamba tangu mpira uanze hajaonekana mnyonge aliyewafanyia wakubwa jambo kama lile. Nikauliza, "Na Tukuyu Stars je?" Vijana wawili wakanitazama kana kwamba nimetaja dawa ya mbu.

Tukuyu ndio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kilomita 70 hivi kutoka Mbeya ukishuka kuelekea Kyela. Ndizi, chai, viazi, ukungu, na mvua isiyojua kupumzika. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla hujamaliza hindi la kuchoma mkononi. Mwaka 1986 timu ya mji huo ndio kwanza ilikuwa imepanda kuja ligi ya juu ya Tanzania Bara, na mwaka huohuo ikawa bingwa. Leicester wao walipata angalau msimu mzima wa kuzoea kabla ya kufanya maajabu.

Tukumbuke ubingwa wenyewe ulikuwa mali ya nani. Simba peke yao walikuwa wameubeba mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980, na Yanga hawakuwa mbali. Kariakoo ya Dar es Salaam ilizoea kuuhamisha kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga, kisha kuurudisha.

Wachache wanaoikumbuka Tukuyu husema ilikuwa bahati. Hapo ndipo ninapokosana nao. Kombe la mtoano, sawa: unapangiwa vibonde, unashinda kwa penalti mbili tatu, umefika fainali. Ligi haina huruma hiyo. Unacheza nyumbani na ugenini, na kwa Tukuyu ugenini maana yake ni karibu kilomita 900 hadi Dar es Salaam, katika miaka ambayo dizeli ilikuwa ya kupangia foleni. Anayeita hiyo bahati hajawahi kusafiri usiku kucha kwenye basi la kiti cha mbao akashuka na kuambiwa avae njumu.

Mimi naona neno "bahati" linatusaidia kukwepa swali gumu zaidi: kwa nini timu ile haikudumu juu? Leo ni miaka mingi Ligi Kuu haijaiona. Klabu za aina yake ziliishi kwa mfuko wa mfadhili na michango ya wapenzi, hazina chanzo chao cha fedha. Mfadhili akichoka, timu inachoka naye. Mchezaji aking'ara, watu wa Simba na Yanga wanapiga hodi kwao usiku, na asubuhi hayupo. Klabu iliyomlea inabaki na picha, kama ipo.

Nasi wa mikoani tuna lawama yetu, ingawa hatupendi kuisikia. Ingia mji wowote mdogo wa nchi hii uhesabu jezi. Utakuta Msimbazi na Jangwani nzima, na timu ya nyumbani inashangiliwa mpaka siku Yanga wanapokuja. Siku hiyo nusu ya mji inageuka wageni uwanjani kwao.

Mbeya City walitupa matumaini. Timu ya halmashauri ya jiji, wakapanda 2013, wakamaliza msimu wao wa kwanza nafasi ya tatu, juu ya Simba. Uwanja wao wa Sokoine ulifurika, na wazee wakaanza kusema 1986 imerudi. Mwaka 2023 wakashuka daraja. Hata Mtibwa Sugar ya Turiani, bingwa wa 1999 na 2000 mwenye kiwanda cha sukari mgongoni, walishuka mwaka uliofuata.

Mwaka juzi nilipita Tukuyu nikielekea Kyela. Kwenye Coaster nilikaa jirani na mzee mwenye mkungu wa ndizi miguuni. Nikamwamkia, kisha nikamchokoza kidogo: eti baba, Tukuyu Stars mliifanya nini? Akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Kwanza usiseme Stars, mwanangu. Sema Banyambala."

Nikamuuliza maana yake.

"Wanaume," akasema. Kisha akaanza kunitajia kikosi, kuanzia golini, akikunja kidole kimoja kimoja. Alikuwa amefika namba saba konda alipoita kituo chake.