Anakuja kukagua ukuta au kitanda?

Ripoti ilinifikia kwa barua pepe siku mbili baada ya wakala wa mwenye nyumba kukagua nyumba ninayopanga: kurasa kumi na moja, picha thelathini na ushei, na chini ya kila picha maneno machache. "Sebule: safi." "Dirisha la jikoni: mpini umelegea kidogo." Halafu picha ya chumba cha kulala, shuka zimeviringana, kitabu kimelala kifudifudi juu ya mto, kopo la dawa pembeni, na maelezo haya: "Kitanda hakijatandikwa."

Kwanza nilicheka. Kisha nikajiuliza kitanda kinaingiaje hapa. Kitanda ni changu, nilikinunua mwenyewe. Mkataba unataja kuta, sakafu, mabomba na vitasa. Na lile kopo, ukiikuza picha kidogo tu, jina la dawa linasomeka.

Wiki tatu baadaye, nikiosha vyombo, nikahisi soksi imelowa. Bomba la chini ya sinki lilikuwa linavuja, na ubao wa kabati ulikuwa umevimba na kupiga weusi ambao haupatikani kwa wiki tatu. Katika zile kurasa kumi na moja jiko lina picha nne, na hakuna hata moja ya chini ya sinki. Nilikuwa nimepanga ndoo pale, na mkaguzi hakuinama.

Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Watu wakizungumzia ukaguzi wa nyumba za kupanga hukimbilia swali la nani mwenye haki zaidi, mwenye nyumba au mpangaji, kabla hawajaulizana ukaguzi wenyewe unaona nini.

Tuanze na mwenye nyumba, maana kumsema vibaya ni rahisi. Huyu amemkabidhi mtu mwingine mali ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote alizo nazo, na huenda mkopo wake bado anaulipa. Amana anayoshikilia haifui dafu mbele ya boriti iliyooza. Maji yanayopenya nyuma ya vigae vya bafu hayamsumbui anayeoga. Yanamsumbua anayeishi chini yake, na mwisho wa yote yanamfikia mwenye jengo. Wapo wapangaji wanaokitoa betri king'ora cha moshi kwa sababu kinalia kila wakikaanga. Wapo wanaopangisha kwa siri vyumba walivyopangishwa wao. Baadhi ya bima za nyumba za kupangisha zina sharti la ukaguzi wa mara kwa mara, na asiyelitimiza anaweza kujikuta madai yake yamekataliwa siku ya janga. Wakala naye analipwa ili aangalie. Akipita miaka miwili bila kuingia kisha nyumba ikutwe imeharibika, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Kisha kuna usalama, na hapa mimi siko upande wa mpangaji mkaidi hata kidogo. Nchini Uingereza, kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha ahakikishe vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12. Kwa England, kanuni za mwaka 2020 zimeongeza ukaguzi wa nyaya za umeme angalau kila miaka 5. Kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu inayoweza kutoka kwenye kifaa kibovu cha gesi, haina rangi wala harufu. Unaweza kuishi nayo chumba kimoja usijue, na boila mbovu (mtambo wa gesi wa kupasha maji) ya ghorofa ya pili haimwombi ruhusa anayelala ghorofa ya tatu. Anayemzuia fundi wa gesi kwa kisingizio cha faragha anacheza na roho za watu wengine.

Ila mwangalie huyo fundi anavyofanya kazi. Anajua amefuata nini. Anaenda moja kwa moja kwenye boila, anapima, anaandika cheti, anaondoka. Hahitaji kujua nalala upande gani wa kitanda. Huo unaoitwa "ukaguzi wa kawaida" hauna kitu maalumu uliokifuata, na asiye na kitu maalumu cha kutazama hutazama kila kitu. Macho yanaangukia yalipo maisha ya mtu: nguo, dawa, picha za ukutani, mswaki wa pili bafuni.

Sheria za nchi mbalimbali zimejaribu kuutia ukaguzi huu lijamu, kila moja kwa njia yake. Kwa England, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 1985, katika kifungu cha 11, inampa mwenye nyumba haki ya kuingia kuangalia hali ya nyumba na matengenezo yanayohitajika, kwa saa zinazofaa na baada ya kutoa taarifa ya maandishi saa 24 kabla. Mawakala wengi hukisoma kifungu hicho kana kwamba taarifa ndiyo ufunguo: nimekuandikia jana, leo naingia. Sivyo. Sheria ya huko kwa jumla inamtaka pia mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu, na anayejitia ndani baada ya kukataliwa anaweza kujikuta anajibu shtaka la kumsumbua mpangaji wake. Akinyimwa nafasi asiyostahili kunyimwa, njia yake ni mahakama. Taarifa ni hodi, na hodi peke yake haijawa karibu.

Nyuzilandi wao wamehesabu zaidi: taarifa ya saa 48, kuingia kati ya saa mbili asubuhi na saa moja jioni, na si zaidi ya mara moja katika wiki 4. New South Wales, Australia, inataka taarifa ya siku 7 na ukaguzi usiozidi mara 4 kwa miezi 12. Ukizitazama sheria hizi utaona zinahesabu kwa kalenda: mara ngapi, saa ngapi, siku ngapi kabla. Ni jambo jema, maana mpangaji anajua lini atabishiwa hodi. Lakini hazigusi kiini. Mara moja kila wiki 4, ikitumiwa yote, ni mara 13 kwa mwaka, na hakuna ukuta unaobadilika mara 13 kwa mwaka.

California imepita njia nyingine. Kifungu cha 1954 cha Sheria ya Madai ya jimbo hilo kinataja sababu za kuingia: dharura, matengenezo, kumwonyesha mnunuzi au mpangaji mtarajiwa, nyumba iliyotelekezwa, amri ya mahakama, na nyingine chache. Kuja kutazama tu mnaendeleaje hakumo.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote kinatoka Ujerumani. Mwenye nyumba, mwanamke, alifika kukagua ving'ora vya moshi kama walivyokubaliana na mpangaji wake. Alipokwisha akataka kuona na vyumba vingine, mpangaji akakataa, yeye akaendelea, hata dirisha akalifungua. Akaambiwa atoke, hakutoka. Mpangaji akamkumbatia, akambeba, akamtua nje ya mlango. Mwenye nyumba akavunja mkataba, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho. Tarehe 4 Juni 2014 majaji wakaamua kwamba kumbeba hakukutosha kuvunjia mkataba, maana mwenye nyumba ndiye aliyeanza kwa kukiuka mipaka ya alichoruhusiwa. Wakasema pia kwamba hana haki ya kukagua bila sababu mahususi, na kwamba kifungu cha mkataba wa fomu iliyochapwa tayari kinachompa haki hiyo ni batili. Nyuma ya uamuzi huo kuna ibara ya 13 ya katiba yao: makazi ya mtu hayaingiliwi.

(Sikushauri umbebe mtu. Hata majaji wale hawakumpongeza yule bwana.)

Mwenye nyumba atauliza hapa, na kwa haki: kama siruhusiwi kuja mpaka niwe na sababu, sababu nitaijuaje? Wajerumani wana jibu, na ndilo linalonifanya niwaone wamelipima jambo hili vizuri kuliko wengine. Kifungu cha 536c cha sheria yao ya madai kinamtaka mpangaji atoe taarifa mara moja akiona kasoro. Akinyamaza na uharibifu ukaongezeka, analipa yeye. Kwa maneno mengine, kazi ya kutazama amepewa anayelala mle ndani siku 365, na kunyamaza kwake kuna gharama. Bomba langu lingeonwa na nani? Lilionwa na soksi.

Lakini mfumo huo unasimama kwa nguzo moja: mpangaji asiogope kusema. England ilikuwa na kifungu cha 21 cha Sheria ya Makazi ya mwaka 1988, kilichomruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila kutaja kosa lolote mkataba wake wa muda ukishaisha. Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 ndiyo iliyokuja kukifuta. Mahali penye kifungu kama hicho, saa zako 24 za taarifa ni karatasi tu. Utamwambiaje mtu asije, naye akitaka mwezi ujao utatafuta pa kuhamia? Na utaripotije ukungu ukutani, ukijua jibu linaweza kuwa barua ya kuondoka? Mpangaji wa namna hiyo huufuta ukungu kwa dawa ya kung'arisha usiku wa kuamkia ukaguzi. Anafungua madirisha, anawasha mshumaa wa manukato. Mkaguzi anaandika "safi", na ukuta unaendelea kuoza. Ukaguzi uliowekwa ili kuziba pengo la mpangaji asiyesema unazidi kumfundisha kuficha.

Hata pale anaposema, kusikilizwa ni jambo jingine. Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, akiwa na miaka miwili, na uchunguzi wa kifo chake ukaeleza kwamba ni ukungu wa nyumba waliyoishi uliomsababishia ugonjwa mkali wa njia ya hewa. Baba yake alikuwa ameulalamikia tangu 2017. Nyumba ilikuwa ya chama cha makazi, yaani shirika linalopangisha nyumba za gharama nafuu, na kilichokosekana hakikuwa taarifa. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo inaweka muda ambao mwenye nyumba wa namna hiyo lazima achunguze na kutengeneza baada ya kuambiwa. Haikuongeza idadi ya ukaguzi wa kawaida, na nadhani hilo lina maana.

Ipo hoja moja ya upande wa ukaguzi ambayo sijaipatia jibu la kuniridhisha. Kuna mpangaji asiyeripoti kwa sababu hawezi: mzee aliyeanza kusahau, mgonjwa wa msongo aliyezungukwa na takataka hadi dirishani, mtu ambaye mwaka mzima hakuna anayebisha mlangoni kwake isipokuwa mkaguzi. Kwa huyo, yule kijana wa wakala mwenye kishikwambi anaweza kuwa jicho pekee. Hata hivyo, nikifikiri sana, naona huyo anahitaji ndugu, jirani au mhudumu wa afya, na tunamtwika wakala kazi ambayo hakuifundishwa wala halipwi kuifanya. Akikuta takataka, ripoti yake itakuwa mwanzo wa kumtoa mtu huyo, si wa kumsaidia. Bado, siku yenyewe ikifika, afadhali kuna aliyemwona. Naliacha hapo.

Picha zinataka neno lake. Zamani mkaguzi alitoka na alichokikumbuka. Leo anatoka na vyumba vyako vyote ndani ya kifaa, vinakaa kwenye mfumo wa kampuni ambao hujui una milango mingapi. New South Wales inamkataza mwenye nyumba kuchapisha picha za ndani zinazoonyesha mali za mpangaji bila kibali chake cha maandishi. Ni sawa, ila tatizo huanza kabla ya kuchapisha. Picha ya kovu la ukutani haihitaji kabati langu likiwa wazi. Wengine wanapendekeza vipimo vya unyevu vinavyotuma taarifa vyenyewe, ili mtu asiingie kabisa. Mimi navitilia shaka: kipimo cha unyevu bafuni kinajua unaoga saa ngapi, na hakibishi hodi.

Kama ningeombwa kuandika kifungu kimoja cha mkataba, ningeandika kwamba taarifa ya ukaguzi itaje vitu vitakavyokaguliwa, kimoja kimoja, na kisichotajwa kisipigwe picha. Mwenye nyumba hapotezi chochote hapo. Kama ana wasiwasi na mabomba, ataje mabomba. Akiandika "hali ya jumla ya nyumba", amekiri hajui anachofuata.

Nilijaribu mwenyewe. Taarifa iliyofuata ilipokuja, nilimjibu wakala kwa upole nikimwuliza atapenda kuona nini, ili nimwandalie. Alichukua siku mbili kujibu. Akaorodhesha vitatu: king'ora cha moshi, mpini wa lile dirisha, bomba jipya la sinki. Nikaziondoa ndoo mapema, nikamwekea na tochi. Safari hii aliinama. Alikaa dakika tisa. Kitanda nilikiacha vilevile, mlango wa chumba nikaurudishia, na hakuuliza kilichomo.